Kokolithi: haki iliyochelewa kumfikia Wallich

Kokolithi ni vijisahani vya chokaa vinavyoufunika mwani wa baharini wa seli moja. Mwani ukifa, vijisahani hushuka hadi sakafu ya bahari na kubaki kama visukuku. Kwa kuwa vingi havifiki mikromita 10, hata asili yake ilibishaniwa. Christian Ehrenberg, aliyeviona mwaka 1836 katika chaki ya kisiwa cha Rügen, alidhani ni madini tu.

Mwaka 1857 meli ya Uingereza, Cyclops, ilipima kina cha Atlantiki kwa ajili ya waya wa telegrafu. Thomas Huxley alichunguza tope lililotolewa huko, na mwaka uliofuata akavipa vijisahani jina la kokolithi. George Wallich, daktari aliyesafiri na meli ya Bulldog mwaka 1860, aliona zaidi: vijisahani vilivyoshikamana na kuunda tufe. Alisema kila kokolithi imebanduka kwenye tufe la namna hiyo, na alisema kweli.

Hata hivyo, mwaka 1868 Huxley alilirudia tope lake, lililokuwa limehifadhiwa katika alkoholi kwa miaka kumi hivi. Aliona ute, akatangaza kiumbe kipya, Bathybius haeckelii, na kokolithi akazihesabu kuwa sehemu ya mwili wake. Wallich alipinga waziwazi na kwa uchungu, lakini nani angemsikiliza mbele ya Huxley? Wataalamu wa meli ya Challenger, iliyosafiri kati ya 1872 na 1876, ndio waliolimaliza suala hilo. Mkemia John Buchanan alibaini kwamba ute ule ni kalsiamu salfeti, inayojitenga alkoholi inapochanganyika na maji ya bahari. Huxley alikiri kosa mwaka 1875, tendo la kiungwana. Wallich alitunukiwa nishani ya Linnean Society mwaka 1898 na kufariki mwaka uliofuata. Ni heshima iliyochelewa mno.

Hans Lohmann alipoieleza mwaka 1902 spishi ya mwani wa kokolithi ambayo leo huitwa Emiliania huxleyi, jina alilolienzi lilikuwa la Huxley. Kuitambua spishi hiyo katika mashapo kunahitaji subira, kwani kwa hadubini ya kawaida huchanganywa kwa urahisi na kokolithi ndogo za jenasi ya Gephyrocapsa. Hadubini ya elektroni huonyesha tofauti: ukingo wa Emiliania una vipande vya umbo la T vilivyoachana, ilhali Gephyrocapsa ina daraja juu ya uwazi wa katikati. Daraja likivunjika, ukingo ndio shahidi. Spishi hiyo ilitokea takriban miaka 290,000 iliyopita, hivyo tabaka ilimo haliwezi kuzidi umri huo.

Tangu makala ya Bramlette na Riedel ya mwaka 1954, kokolithi zimekuwa kipimo cha kawaida cha umri wa miamba ya baharini. Uchorongaji uliofanywa Kilwa na Lindi miaka ya 2000 ulileta spishi mpya kadhaa, kwa sababu mfinyanzi wa huko, usiopitisha maji, umetunza kokolithi ndogo na dhaifu ambazo kwingine huyeyuka. Kilwa husifiwa kwa magofu yake. Mfinyanzi huo nao unastahili kuelezwa katika makumbusho ya Tanzania.