Saa Isiyo na Upande wa Kushoto

Mtu akipandwa na pepo, pwani yetu humwita kiti. Mganga hufukiza ubani, ngoma hupigwa, na anayehojiwa si mgonjwa bali aliyemkalia: u nani, watoka wapi, wataka nini? Pepo hutaja jina na madai yake, akaridhishwa, kiti kikatulia.

Madaktari wa akili nao hutega sikio kwenye maneno. Mwaka 2009 Susannah Cahalan, mwandishi wa New York Post mwenye miaka 24, alianza kushuku watu, akaona yasiyokuwepo, akashikwa na degedege. Picha za ubongo hazikuonyesha kitu. Daktari mmoja akasema pombe, mwingine maradhi ya akili. Na hapo ni New York, si kilingeni. Anayedhani kupotea njia ni kwa waganga peke yao, na atulie kidogo.

Daktari Souhel Najjar hakuyafuata maneno. Alimpa karatasi achore saa. Namba zote 12 zikabanana upande wa kulia, kushoto kukabaki kweupe. (Sisi tunaosoma saa moja penye 7 tungefanyiwa mtihani uleule, kwani kilichopimwa si wakati.) Nusu ya kulia ya ubongo ilikuwa imewaka uvimbe. Kingamwili zake zilikuwa zikishambulia vipokezi vya NMDA vya ubongo, ugonjwa ambao Josep Dalmau na wenzake walikuwa wameueleza 2007 kwa wanawake 12, wengi wao wenye uvimbe kwenye ovari. Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa. Hapa nguo yenyewe ndiyo ilayo.

Ndipo mapokeo ya mganga na ya daktari yanapoachana. Pepo ni mgeni, hubembelezwa aondoke. Kingamwili ni mlinzi wa nyumba aliyemgeukia mwenye nyumba, na ngoma haimfikii: hudhibitiwa kwa steroidi na kwa kuchuja plazima ya damu, na kila siku ya kuchelewa ina gharama.

Hata hivyo neno kiti nalipenda kuliko kichaa. Kiti hukaliwa, kisha kikaachwa. Katika utafiti mkubwa wa 2013 juu ya ugonjwa huu, takriban wanne kati ya watano waliofuatiliwa miaka miwili walirejea vizuri.

Cahalan alirudi kazini, na 2012 akatoa kitabu, Brain on Fire. Mwezi wake wa hospitalini karibu wote ulikuwa umefutika kichwani. Ilimbidi ajitazame kwenye video, kama kiti anavyosimuliwa na jamaa zake, asubuhi, yale aliyoyasema pepo usiku.