Kibira: msitu wa mfalme unaosubiri wakfu

Alfajiri, barabara ya taifa namba moja inayoshuka kutoka Bugarama hadi Bujumbura huwa ya baiskeli. Vijana wanateremka na mikungu ya ndizi na magunia ya makaa yaliyokazwa kwa mipira nyuma ya tandiko, na kwenye kona kali wanapunguza mwendo kwa soli za viatu. Mchana utawakuta hao hao wakipanda, mkono mmoja umeshika usukani, wa pili umeng'ang'ania nyuma ya lori.

Kufikia saa mbili asubuhi makaa yameshafika mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura. Mama anayejua jiko lake hanunui kwa macho peke yake. Huchukua vipande viwili, akavigonganisha na kutega sikio. Vikilia kama vigae, ni mti mgumu, maharage yataiva. Vikitoa mlio mzito usio na mwangwi, ni mti laini, makaa yataisha sufuria haijatokota. Ukimuuliza muuzaji yametoka wapi, hunyoosha tu mkono kuelekea milimani na kusema: juu.

Hiyo juu ni pana. Mengi ya makaa yetu ni ya mikaratusi iliyopandwa na wenye mashamba, nao wanauza kilicho chao. Lakini nyuma ya mikaratusi hiyo, kwenye uti wa mgongo wa Burundi, uko msitu ambao hakuna binadamu aliyeupanda. Ni Kibira, hekta zipatazo 40,000, uliounganika na Nyungwe wa Rwanda hata ikawa ni msitu mmoja wenye majina mawili. Hii ni historia ya waliopewa kazi ya kuulinda, na ya fedha za ulinzi huo: zilitoka wapi, na kwa nini kila mara ziliisha kabla ya kazi.

Mwiko wa mwami

Kwa Kirundi, ikibira ni msitu. Mvua ikinyesha juu ya ule mgongo hugawanyika. Maji ya mashariki huingia Ruvubu, yakafuata Kagera hadi Ziwa Viktoria na Mto Naili. Ya magharibi hushuka Rusizi hadi Tanganyika, yakatoka kwa Mto Lukuga kuelekea Kongo na bahari ya Atlantiki. Matone mawili yaliyoanguka hatua chache moja kutoka kwa jingine yanaweza kuishia bahari mbili tofauti.

Enzi za ufalme, Kibira ulikuwa uwanja wa kuwinda wa mwami, na watu waliuona kuwa mahali patakatifu. Upande wa Kayanza walizikwa wafalme, na makaburi yao yalikuwa na familia zilizokabidhiwa kuyatunza kizazi baada ya kizazi. Wabatwa waliishi kwa kuwinda na kurina asali humo. Mtu wa kawaida hakuingia na shoka apendavyo. Mlinzi wa msitu alikuwa mwiko, na mwiko haulipwi mshahara.

Lakini mwiko huo uliegemea kiti cha enzi. Tarehe 6 Juni 1903, huko Kiganda, Mwami Mwezi Gisabo alilazimika kukubali mamlaka ya Wajerumani. Mwaka 1916 wakaja Wabelgiji. Kiti kilipoyumba, na mwiko ukayumba. Mwaka 1933 utawala wa Kibelgiji uliutangaza msitu wa mgongo wa Kongo na Naili kuwa hifadhi ya misitu, na mwaka 1951 ikafuata hifadhi ya Bururi upande wa kusini. Mwiko wa mwami sasa ulikuwa umegeuka karatasi ya serikali, yenye mipaka, walinzi na faini. Kwa mara ya kwanza ulinzi wa Kibira ukawa na gharama, na gharama hiyo ikawa inategemea mapenzi ya aliye ofisini.

Baada ya uhuru wa 1962, msitu ulipoteza kipande hiki na kile. Mashamba ya wananchi yalikula ukingoni. Chai nayo ilipenda hewa ile ya baridi na unyevu, ndipo Teza na Rwegura yakaota mashamba makubwa ya chai mahali palipokuwa na miti. Ukifika Teza leo utaona mambo hayo mawili kwa mtazamo mmoja: kijani cha chai kilichokatwa sawasawa kama zulia, na nyuma yake kijani cheusi cha msitu, ghafla, kama ukuta.

Miaka ya neema

Machi 1980, chini ya Rais Jean-Baptiste Bagaza, ilitoka sheria ya kuanzisha hifadhi za taifa na hifadhi za viumbe asilia, pamoja na taasisi ya kuzisimamia. Kibira ukawa hifadhi ya taifa. Zaidi ya aina 600 za mimea zilizohesabiwa humo, sokwe, mbega na ndege wa milimani vyote vikapata kinga ya sheria.

Fedha zikaja kutoka nje. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilidhamini kazi ya msitu wa Bururi. Misonobari na mikaratusi ikapandwa kuzunguka misitu ya asili ili wanakijiji wapate kuni bila kuvuka mpaka. Mwaka 1986 likakamilika bwawa la Rwegura kwenye mto Gitenge, mto unaotoka Kibira. Kwa megawati zake 18, Rwegura lilikuwa kwa muda mrefu mtambo mkubwa wa umeme kuliko yote nchini. Tangu mwaka huo, mkazi wa Bujumbura anayewasha taa sebuleni ni mteja wa Kibira, ajue asijue.

Sababu ni nyepesi kueleza. Msitu hupokea mvua kwa majani, ukaishusha taratibu kwenye mboji, ukaiachia mto kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Kilima kitupu hupokea mvua ile ile, kikaimwaga yote siku hiyo hiyo pamoja na udongo wake. Bwawa chini ya msitu hupata maji. Bwawa chini ya kilima kitupu hupata tope.

Miaka hiyo pia Jane Goodall, aliyewasoma sokwe wa Gombe ng'ambo ya mpaka wetu na Kigoma, alifanya kazi hapa. Taasisi yake ilikuwa na kituo Bujumbura cha kutunza sokwe yatima waliookolewa mikononi mwa wafanyabiashara wa magendo.

Kisha ikaja Oktoba 1993. Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikaingia vitani. Kibira ukawa maficho ya wenye silaha na njia ya wakimbizi, na mlinzi wa msitu asiye na bunduki hakuwa na kazi humo. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996 majirani walituwekea vikwazo vya uchumi vilivyodumu hadi Januari 1999. Wafadhili waliondoka. Hata sokwe wa Bujumbura walihamishwa: kati ya 1993 na 1995 walipelekwa Sweetwaters, wilayani Laikipia nchini Kenya, ambako makao mapya yalifunguliwa kwa ajili yao. Miti haikuwa na pa kuhamia.

Wakati huo huo, Bwindi

Katika miaka hiyo hiyo ya tisini, kusini magharibi mwa Uganda, kulikuwa na msitu mwingine wa milimani uliozungukwa na mashamba yenye watu wengi kama yetu. Bwindi ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na wananchi walikasirika kuzuiwa kuingia. Moto uliwashwa msituni. Sheria peke yake ilikuwa imeshindwa ndani ya miezi.

Mwaka 1994 uliundwa mfuko wa dhamana kwa ajili ya Bwindi na Mgahinga. Mfuko wa Mazingira Duniani, kupitia Benki ya Dunia, ulitoa zaidi ya dola milioni 4. Fedha hizo hazikupewa wizara zitumike mwaka ule. Ziliwekezwa, mtaji ukafungiwa, na kilichoruhusiwa kutumika ni pato lake. Mgawo ulikuwa asilimia 60 kwa miradi ya wananchi wa pembezoni, 20 kwa utafiti na 20 kwa usimamizi wa hifadhi. Shule na zahanati zikaanza kuonekana upande ule ule ulikotoka moto. Mfuko huo ulikuwa miongoni mwa mifuko ya kwanza ya namna hiyo barani Afrika.

Tanzania ilifuata mwaka 2001 kwa mfuko wa hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki, wenye makao Morogoro na mtaji wa dola milioni 7 kutoka Mfuko huo huo wa Mazingira Duniani. Bonde la Kilombero likaonyesha njia nyingine: mwaka 2018 msitu wa Magombera, sehemu yake kubwa ikiwa ardhi ya kampuni ya sukari, ulinunuliwa kwa michango iliyokusanywa na mashirika ya uhifadhi, ukarudishwa kwa serikali kuwa hifadhi ya mazingira asilia.

Kununua ardhi ili isiuzwe tena ni jambo la zamani huko ng'ambo. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani liliruhusu jumuiya ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1891, na Uingereza ikaanzisha National Trust mwaka 1895. Lakini sisi tunaosema Kiswahili hatuhitaji kwenda mbali hivyo kulielewa.

Neno tulilo nalo

Muulize mzee yeyote wa Buyenzi maana ya wakfu. Atakueleza kwamba mtu hutoa nyumba yake kwa ajili ya msikiti au mayatima. Tangu siku hiyo nyumba haiuzwi, hairithiwi, haigawanywi. Kodi yake ndiyo inayotumika, na sehemu ya kodi hurudi kuikarabati nyumba yenyewe. Mtoaji hufa, wasimamizi hubadilika, nyumba hubaki kazini. Zanzibar hadi leo ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Kibira una nusu ya wakfu. Ardhi yake ni ya taifa, haiuzwi, na sheria ya maeneo ya hifadhi ya mwaka 2011 inaipa kinga. Hatuna haja ya kununua ardhi kwa mtu. Nusu inayokosekana ni ile ya kodi: mtaji wa kudumu unaozaa mshahara wa mlinzi, mwaka wa neema na mwaka wa shida.

Kilichopo ni miradi. Tangu 2014 ofisi ya kulinda mazingira, OBPE, imebeba jukumu la hifadhi zote. Mwaka 2018 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 30 za kufufua ardhi iliyochoka, na hifadhi zetu zikiwemo. Mwaka huo huo nchi ilianza kampeni ya kupanda miti iitwayo Ewe Burundi Urambaye, yaani Burundi ivae. Hayo ni mema, na ninayaunga mkono. Lakini mradi una tarehe ya mwisho iliyoandikwa siku ya kuanza, na msitu hauna. Mche wa mkaratusi hukua ndani ya miaka michache. Mti wa Kibira wenye kuvu na okidi kwenye matawi yake ni kazi ya karne, haununuliwi kitaluni.

Upande wa pili wa msitu huo huo, Rwanda ilitia saini mwaka 2020 mkataba wa miaka 20 na shirika la African Parks kusimamia Nyungwe, na Septemba 2023 UNESCO iliuandika Nyungwe kwenye orodha ya urithi wa dunia. Sokwe anayevuka mpaka hajui kwamba ametoka penye fedha akaingia pasipo nazo. Mwenye mtego anajua.

Sidai kwamba mfuko wa dhamana ni dawa ya kila kitu. Mtaji uliowekezwa hupanda na kushuka na masoko, na mwaka mbaya pato hupungua. Bwindi pia inatufunza jambo zito zaidi. Wabatwa walitolewa msituni kabla mtu hajafikiria wataishi wapi, na mfuko ukaja baadaye kununulia baadhi ya familia mashamba. Wakfu wa Kibira usirudie kosa hilo. Wabatwa wa pembezoni mwa msitu wawe wasimamizi kwenye meza ya mfuko tangu siku ya kwanza, wasingoje kuwa wapokeaji wa msaada.

Na mtaji utoke wapi? Wafadhili wataombwa, sawa. Lakini mfuko unaoanza kwa fedha za wageni pekee utaondoka nao siku wakiondoka, na sisi tuliyaona hayo. Waanze wanaokula matunda ya msitu: umeme unaouzwa na Regideso, chai inayouzwa nje, na sisi wa Bujumbura. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 maji na matope yalishuka kutoka vilima vilivyo juu ya mji, yakaingia Kamenge na Kinama, na watu zaidi ya 60 wakafa. Mji huu umeshajua kilima kitupu hutoza bei gani.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wetu jambo moja linaloweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja: sheria ya kuanzisha mfuko wa kudumu wa Kibira, wenye mtaji usioguswa, wasimamizi wanaojulikana kwa majina, na hesabu zinazotangazwa kila mwaka. Na uanze kwa faranga chache kwenye kila bili ya umeme. Ya kwangu niko tayari kuilipa.