Safari za Ijumaa katika Milima ya Catskill

Mapumziko ni haja ya kila mwili, lakini historia yaonyesha kuwa hayakugawanywa kwa mizani moja. Yuko aliyepumzika kwa wingi wa mali yake, na yuko aliyepumzika kwa sababu mwenziwe alibaki kazini. Ushahidi wa jambo hili umo katika milima ya Catskill, katika jimbo la New York nchini Marekani. Huko, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, maelfu ya jamaa za Kiyahudi walikwenda kila mwaka kukaa wakati wa joto.

Chanzo cha desturi hiyo hakikuwa anasa tu. Mwaka 1877 Joseph Seligman, tajiri wa benki, alinyimwa chumba katika Grand Union Hotel mjini Saratoga Springs kwa kuwa alikuwa Myahudi. Ikiwa mwenye benki alifukuzwa mlangoni, mshona nguo angetumaini nini? Mwaka 1913 sheria ya New York ilikataza hoteli kutangaza kwamba haziwataki watu wa dini au rangi fulani. Lakini sheria hiyo ilifuta maandishi ukutani, haikufuta chuki moyoni. Basi waliofungiwa walijijengea milango yao. Mwaka 1914 Selig na Malke Grossinger walinunua shamba karibu na mji wa Liberty. Udongo wake ulikuwa hafifu, wakaanza kupokea wageni wa kulipa. Na kutoka kwa wageni hao wachache ikakua hoteli iliyojulikana Marekani nzima.

Wasioweza gharama za hoteli walipanga vyumba katika nyumba zilizoitwa kuchaleyn, yaani “jipikie mwenyewe” kwa lugha ya Kiyidi. Wanawake wengi walishiriki jiko moja, kila mmoja na sufuria zake. Walikaa huko pamoja na watoto tangu mwisho wa Juni hata mwanzo wa Septemba.

Waume zao hawakuwa na ruhusa ndefu kama hiyo. Siku za kazi walibaki mjini New York, katika viwanda vya nguo na maduka yenye joto la kukatisha pumzi. Ilipofika Ijumaa walivuka mto Hudson kwa kivuko hadi Weehawken, wakapanda garimoshi la Ontario and Western, wakasafiri hadi Liberty. Watani waliliita garimoshi hilo la mafahali, kwa kuwa lilijaa wanaume watupu. Mshika dini alikuwa na haraka zaidi, kwani ilimpasa kufika kabla jua halijatua na Sabato kuingia. Jumapili jioni, au Jumatatu alfajiri, safari iligeuka.

Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Baba huyo alikuwa mgeni wa siku mbili katika nyumba aliyoilipia yeye, na siku ya tatu jembe lake lilimngoja mjini. Hewa safi aliyoinunua kwa jasho la wiki nzima waliivuta zaidi wanawe kuliko yeye. Wala mkewe hakustarehe kabisa, maana alilibadili jiko la mjini kwa jiko la mlimani. Hata hivyo safari hazikukoma. Aliyezaliwa katika nyumba za msongamano alitaka mtoto wake ajue majani mabichi na maji ya mto.

Motakaa ziliwapokonya reli abiria wake. Treni za abiria zilikoma mwaka 1953, na mwaka 1957 reli yenyewe ikafungwa. Mitambo ya kupoza hewa ilipunguza adhabu ya joto la mjini, na ndege zikawapeleka wenye pesa mbali zaidi. Mwaka 1964 sheria ya nchi nzima iliwakataza wenye hoteli kubagua wageni. Grossinger’s ilifungwa mwaka 1986.

Kwa hiyo, kuanguka kwa hoteli hizo si msiba mtupu. Zilistawi kwa sababu milango mingine ilifungwa, zikadhoofu milango hiyo ilipofunguliwa. Linalostahili kukumbukwa ni juhudi ya watu waliokataliwa: hawakuridhika kuomba nafasi katika raha ya wengine, bali walijitengenezea ya kwao, na bei yake wakailipa Ijumaa baada ya Ijumaa.