Masizi: Historia Iliyogandama Chunguni

Mgeni apitaye Nakivale, wilayani Isingiro, wakati wa magharibi huona moshi ukitanda juu ya nyumba. Tangu Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959 wapokewe huko, watu wa mataifa mengi wameinjika vyungu vyao juu ya mafiga matatu. Ukivigeuza vyungu hivyo, utakuta weusi ule ule: masizi. Weusi huu una historia, na sehemu yake imelipiwa kwa maisha ya watoto.

Nchini Uingereza, makaa ya mawe yalipochukua nafasi ya kuni majumbani, dohani ziliziba masizi, na watoto wadogo walilazimishwa kupanda ndani yake kuyakwangua. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London alieleza kwamba masizi hayo ndiyo yaliyowaletea saratani ukubwani. Katika mihadhara yake ya Krismasi ya mwaka 1860, Michael Faraday aliwaonyesha vijana kwamba mwanga wa mshumaa hutokana na chembe za kaboni zinazong'aa kwa joto. Zikiponyoka bila kuungua, huwa masizi.

Basi masizi hutokeaje? Makaa ya mawe yakipata joto hutoa gesi na lami. Hewa ikitosha, vitu hivyo huungua vyote. Hewa ikipungua, joto huvivunjavunja, na kaboni hujiunga pete kwa pete hata ikawa chembe ndogo mno, zinazoshikamana kama shanga. Zikigusa kitu baridi, hugandama. Kwa hiyo masizi si majivu. Majivu ni madini yasiyoweza kuungua. Masizi yangaliweza kuungua, ila yalikosa hewa.

Kuni hufuata kanuni hiyo hiyo, hasa zikiwa mbichi. Makaa ya miti yauzwayo Mbarara hutoa masizi machache, kwa kuwa gesi na lami zake zilikwisha kutoka katika tanuri. Lakini yasituhadae: hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua katika chumba kilichofungwa.

Mwanafunzi wangu mmoja kutoka Kongo aliandika kwamba mama yake amekwenda kununua "makala". Darasa likacheka, kwani katika Kiswahili sanifu makala ni maandishi. Niliwaeleza kwamba kwao neno hilo ndilo makaa, na kwamba wino wa kale wa nchi nyingi ulitengenezwa kwa masizi na gundi. Makala na makaa, basi, si wageni wao kwa wao.

Walimu wenzangu, tufundishapo msamiati wa jikoni, tufundishe na maana yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Mtoto ajuaye kwamba masizi ni dalili ya moto uliokosa hewa, atakausha kuni na kufungua dirisha. Neno moja likieleweka vema laweza kuokoa pafu.