Tumbo linavimba na mimba hakuna: kuelewa uvimbe wa ajabu ndani ya tumbo

Katika mitaa ya Kongolo na vijiji vya kando ya Lualaba, mama ambaye tumbo lake linavimba bila mimba anasikia maneno mengi kabla ya kufika hospitali. Wengine wanasema mimba «imelala». Wengine wanatafuta nani amemroga. Miezi inapita, feza inaisha, na uvimbe unaendelea kukomaa. Wanganga wa upasuaji na wa magonjwa ya wanawake wanajua kwamba tumbo lililovimba linaweza kuwa na sababu nyingi. Zingine zinatibiwa kwa vidonge tu, zingine kwa kisu, na zingine kisu peke yake hakiziponyeshi. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kujua uvimbe ni wa namna gani.

Uvimbe unaoonekana mara nyingi

Kwa wanawake, uvimbe wa kawaida zaidi ni fibromu, nyama inayoota katika kizazi. Inaweza kuleta damu nyingi wakati wa hedhi na uzito chini ya kitovu, lakini ni mara chache sana inakuwa kansa. Kisha kuna kisti, mfuko wa maji katika ovari, mahali mayai ya mwanamke yanapokaa. Kisti ndogo mara nyingi inapotea yenyewe. Kubwa inaweza kujaza tumbo zima mpaka watu wakafikiri mama ana mimba ya miezi tisa.

Wakati kisti ina nywele na meno

Kuna kisti moja ambayo imeleta shida katika familia nyingi. Munganga anaifungua na ndani anakuta mafuta, nywele, hata meno. Habari ikifika mtaani, watu wanasema: «Muliona? Walimuwekea!» Hapana. Hakuna mtu aliyeiweka. Ovari ina chembe za mayai, na chembe hizo zina uwezo wa kutengeneza kila sehemu ya mwili. Zikianza kukomaa vibaya, bila mbegu ya mwanaume, zinatengeneza ngozi, nywele na meno bila mpango. Wanganga wanaiita teratoma. Inapatikana Ulaya na Marekani sawa na hapa kwetu, na kwa wanawake wazima karibu 98 kwa 100 si kansa. Ikitolewa vizuri, mama anapona na anaweza kuzaa tena. Hakuna bibi mzee wa kushitakiwa juu yake.

Mimba isiyo na mtoto

Mara zingine jaribio la mimba linaonyesha ndiyo, tumbo linakomaa haraka kupita miezi yake, mama anatapika sana na damu inatoka. Kwenye ekografi mtoto haonekani, kuna vifuko vidogo vingi sawa na zabibu. Hiyo ni mimba moleri. Kizazi sherti kisafishwe hospitalini, mahali ambapo damu ya kuongeza inaweza kupatikana.

Lakini kazi haiishi pale. Katika wanawake 100 wenye mimba moleri kamili, karibu 15 hadi 20 wanabaki na chembe zinazoendelea kuota, na zinaweza kufika hata kwenye mapafu. Dawa yake ipo tangu miaka ya 1950, na uvimbe ukigunduliwa mapema karibu wote wanapona. Namna ya kuugundua ni rahisi: jaribio la mimba la mkojo, la kwanza wiki 8 kisha kusafishwa, halafu kila wiki 4 hadi 8 kwa mwaka mzima. Katika mwaka huo mama asishike mimba nyingine, maana mimba mpya itaficha alama ya ugonjwa. Mama akijisikia muzima na kuacha kurudi, ndipo hatari inaanza.

Mtoto mwenye tumbo linalovimba kwa siku chache

Katika 1958, Denis Burkitt, munganga wa upasuaji katika hospitali ya Mulago kule Kampala, aliandika juu ya watoto wenye uvimbe wa taya. Wengi walikuwa pia na uvimbe ndani ya tumbo: katika figo, katika ini, na kwa wasichana katika ovari. Mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari karibu kilometa 16 000, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waliona ugonjwa unafuata sehemu za joto na mvua nyingi. Leo tunajua kwamba malaria ya kila mara, pamoja na virusi iliyogunduliwa mwaka wa 1964, vinaufungulia mlango. Bonde la Lualaba lina joto na malaria, kwa hiyo tunapashwa kuujua.

Uvimbe huu unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja ao mbili. Kuukata wote si dawa: unatibiwa kwa kimioterapia, na unaisikia vizuri. Kwa mtoto wa namna hii, kungoja wiki mbili «tuone» ni kungoja sana.

Magonjwa yanayojifanya kansa

Kifua kikuu kinaweza kushika tumbo. Mama anakonda, ana homa ya jioni, tumbo linajaa maji, na picha inafanana kabisa na kansa ya ovari. Lakini inatibiwa kwa vidonge vya miezi sita, na dawa hizo hapa Kongo ni bure. Bilharzia, kwa wenye kuoga na kufua mtoni, inaweza kukomalisha ini na bandama. Malaria ya muda mrefu pia inakomalisha bandama.

Namna ya kutafuta ugonjwa

Munganga anaanza kwa maswali na mikono. Jaribio la mimba linakuja mapema kwa kila mwanamke mwenye umri wa kuzaa. Ekografi inaonyesha kama uvimbe ni maji ao nyama, na unatoka wapi. Maji ya tumbo yanaweza kutolewa na sindano na kupimwa. Kisha kuna biopsi, kipande kidogo cha nyama kinachotazamwa katika maabara.

Hapa familia inaweza kusaidia. Kisha operesheni, uliza: «Munganga, nyama iliyotolewa itapimwa?» Kipande kikiwekwa katika formoli kinaweza kusafiri mpaka Lubumbashi ao Kinshasa bila kuoza. Kikitupwa, hakuna atakayejua tena ilikuwa nini.

Usingoje ukiona

– maumivu makali ya ghafla pamoja na kutapika: kisti inaweza kuwa imejisokota;
– hedhi imekosa, kisha maumivu ya tumbo na kizunguzungu: mimba inaweza kuwa nje ya kizazi;
– damu inayotoka kisha hedhi kuisha kwa umri;
– tumbo la mtoto linalovimba kwa siku chache.

Kwa hayo, nenda kituo cha afya siku ileile na uombe barua ya kutumwa hospitali kuu. Beba karatasi zote za zamani, hata zilizochakaa. Kama wanakutuma Kalemie ao Lubumbashi, safari ni ndefu na mvua inaharibu njia. Ugonjwa uliogunduliwa mapema ndio unaokuachia wakati wa kufika.