Mchoro wa umeme wa moyo

Dereva wa lori anayebanwa kifua kwenye foleni ya mpaka wa Tunduma huenda akadhani ni kiungulia, au kichomi. Akifika hospitali akaambiwa anakwenda "kupimwa umeme wa moyo", hofu inaongezeka: je, atapigwa shoti?

Hatapigwa. Moyo wenyewe huzalisha umeme kidogo kila unapodunda. Mashine huunasa juu ya ngozi na kuuandika kama mawimbi. Mholanzi Willem Einthoven, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1924, ndiye aliyeyapa mawimbi hayo herufi P, Q, R, S na T. Jina la kitaalamu, elektrokadiogramu, lina asili ya Kigiriki na mwisho wake maana yake ni maandishi, ingawa "gramu" humpeleka Mswahili kwenye mizani. Wahudumu husema ECG, basi.

"Kipimo cha moyo" ndilo jina lililozoeleka, nalo lina kasoro kubwa. Kipimo hutoa majibu, na majibu yakiwa mazuri mtu hurudi nyumbani. ECG ya kawaida huonyesha takriban sekunde 10 tu za maisha ya moyo. Mshipa unaoulisha moyo ukiziba, kipande cha mstari kati ya S na T mara nyingi huinuka. Lakini karatasi ya kwanza inaweza kuonekana safi huku msuli ukiendelea kufa. Ndiyo maana "mchoro wa umeme wa moyo" ni tafsiri bora: mchoro huchorwa tena.

Vibandiko ni 10, sita kifuani na vinne mikononi na miguuni, lakini mielekeo inayochorwa ni 12. Anayeiita "waya 12" atazihesabu asizipate. Kila mwelekeo hutazama upande wake: II, III na aVF huangalia chini ya moyo, V1 hadi V4 mbele.

Utafiti uliofanyika katika hospitali ya KCMC, Moshi, ulionyesha kuwa wengi wenye mshtuko wa moyo huandikiwa ugonjwa mwingine. Kwa Songwe, mkoa ulipo mji wa Tunduma, suala hili ni zito: Mbeya iko kama kilomita 100 kutoka Tunduma, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900. Mchoro wa kwanza unatakiwa ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Maumivu yakiendelea, unachorwa wa pili baada ya dakika 15 au 30, kisha karatasi mbili zinalazwa mezani sambamba, mstari kwa mstari.