Marekani ilipofuta sayansi ya watoto... halafu ikashtuka!

Nimepotea kidogo, nilikwenda Moshi kumwangalia babu. Babu ni mwalimu mstaafu, na kama walimu wengi wa zama zake hatupi kitu. Safari hii alinitolea kitabu cha hesabu kilichoshikiliwa na gundi na uzi, akasema, "Mjukuu wangu, hii ndiyo Entebbe." Mimi nikadhani anazungumzia uwanja wa ndege!

Kumbe kuanzia mwaka 1962 wanahisabati wa Kiafrika, Kimarekani na Kiingereza walikuwa wakikutana Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vya hesabu kwa ajili ya shule za Afrika. Fedha zilitoka Marekani, na mmoja wa waliosukuma jambo hilo alikuwa Jerrold Zacharias, profesa wa fizikia wa MIT. Niliporudi Dar nikamfuatilia huyu bwana, na ndipo nikakutana na kisa ambacho leo nataka tukijadili: jinsi nchi yake ilivyojenga programu za sayansi za shule kwa miaka 25, ikazivunja kwa bajeti moja, kisha ikaanza kulia.

Zacharias alianza mwaka 1956 na kamati iliyoitwa PSSC. Alitaka mwanafunzi wa sekondari aache kukariri fizikia na aanze kuifanya, kwa vifaa rahisi vya kujitengenezea na filamu. Aliyelipa ni NSF, wakfu wa taifa wa sayansi ulioanzishwa mwaka 1950. Halafu tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi wakarusha Sputnik, na Marekani nzima ikapata homa. Septemba 1958 Rais Eisenhower akasaini sheria ya elimu kwa ulinzi wa taifa, na fedha zikamwagika: semina za walimu wakati wa likizo, mitaala mipya ya biolojia na kemia, kambi za kiangazi ambako vijana wa sekondari walikaa vyuo vikuu wakisoma na maprofesa.

Tusidanganyane, si kila kitu kilikwenda vizuri. Vitabu viliandikwa na maprofesa, na walimu wengi wa kawaida viliwashinda. Idadi ya wanafunzi waliochagua fizikia haikupanda kama ilivyotarajiwa. Waliofaidi zaidi ni wale ambao tayari walikuwa wakali darasani. Hoja hizo zilikuwa za kweli, na waliozitoa hawakuwa maadui wa sayansi.

Lakini kilichowasha moto hasa kilikuwa kitu kingine. Kulikuwa na somo liitwalo MACOS, la watoto wa miaka kama 10, lililobuniwa chini ya mwanasaikolojia Jerome Bruner kwa fedha za NSF. Watoto walisoma maisha ya samaki na nyani, kisha wakatazama filamu za Wainuiti wa Netsilik, kaskazini mwa Kanada, wakajadili mila zao, zikiwemo zile ngumu za zama za njaa. Mbunge John Conlan wa Arizona akauliza: kwa nini kodi yangu imfundishe mtoto wangu kwamba maadili hubadilika kwa mahali? Aprili 1975 Baraza la Wawakilishi likapitisha, kwa kura chache, pendekezo kwamba kila ruzuku ya NSF ipitiwe kwanza na wabunge! Seneti ikalizima, lakini NSF ilikuwa imeshatishwa. Nadhani hapo ndipo kesi iliposhindwa, miaka 6 kabla ya hukumu.

Hukumu ilikuja na Ronald Reagan mwaka 1981. Hoja ya serikali yake ilisikika ya busara: elimu ya shule ni kazi ya majimbo na wazazi, NSF ibaki na utafiti. Fedha za elimu ya sayansi katika NSF zikashuka kutoka takribani dola milioni 70 mwaka 1981 hadi kama milioni 20 mwaka 1982, na sehemu kubwa ya hizo ikaenda kwa wanafunzi wa shahada za juu. Kurugenzi yenyewe ikafungwa. Swali langu ni hili: jimbo linaweza kulipa mshahara wa mwalimu, lakini kambi inayokusanya vijana kutoka majimbo mengi ni ya jimbo gani?

Aprili 1983 ikatoka ripoti maarufu, "A Nation at Risk", ikisema Marekani imepoteza mafanikio iliyoyapata baada ya Sputnik. Mmoja wa wajumbe waliosaidia kuiandika ni Gerald Holton wa Harvard, ambaye mwenyewe aliongoza mradi wa fizikia wa shule kwa fedha za NSF miaka ya 1960. Mwaka huohuo kurugenzi iliyofungwa ikafunguliwa tena.

Fedha zikarudi, sawa. Lakini waliokuwa wakiendesha semina walikuwa wameshatafuta kazi nyingine. Hili nalielewa kwa sababu shuleni kwetu tulikuwa na klabu ya sayansi kila Jumamosi. Mfadhili alipoondoka, mwalimu wetu akahamia shule nyingine, na hadubini ikafungiwa kabatini. Tulimaliza kidato cha nne bila kuigusa tena.

Na mjadala haujaisha. Mwaka 2017 Ikulu ya Marekani ilipendekeza kufuta ofisi ya elimu ya NASA, Bunge likaipa fedha. Mei 2025 pendekezo likarudi. Mwaka huohuo NSF ilifuta ruzuku zaidi ya elfu moja, nyingi zikiwa za elimu ya sayansi, na Julai USAID, iliyokuwa miongoni mwa waliofadhili Entebbe, ikafunga milango.

Nilimuuliza babu Entebbe iliishaje kwake. Alihudhuria semina moja, akaahidiwa ya pili, haikuja. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na baada ya 1967 shule za msingi zilikuwa zinahamia Kiswahili. Nikafungua kile kitabu chake. Pembeni mwa kila zoezi ameandika kwa penseli maneno ya Kiswahili, mengine ameyafuta na kuyaandika upya. Penseli inaishia ukurasa wa 61. Kuanzia hapo kurasa ni safi kabisa.